Jinsengi na jeni za ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikitoka habari kwamba jinsengi "inawasha jeni za ini" maswali ni yale yale yanarudi, kwa hiyo nimeyakusanya hapa sehemu moja. Sijayapanga kwa ukubwa. Kama unatumia dawa yoyote ya hospitali na una haraka, shuka moja kwa moja mpaka swali la dawa, mengine utasoma ukipata nafasi.

Hivi jinsengi hasa ni nini? Kila kopo lina jina lake.

Jinsengi yenyewe ni mizizi ya mimea ya jenasi Panax. Inayolimwa Korea na China ni Panax ginseng, ya Marekani na Kanada ni Panax quinquefolius, na kuna Panax notoginseng ya kusini mwa China ambayo Wachina wanaitumia zaidi kwenye mambo ya damu. Ile wanayoiita jinsengi ya Saiberia ni mmea mwingine kabisa, Eleutherococcus senticosus, ni wa ukoo mmoja ila si Panax na jinsenosaidi hauna. Mtu akikuonyesha utafiti wa jinsenosaidi ili akuuzie kopo la Saiberia, ujue unapigwa.

Na hizo jinsenosaidi ndo nini?

Ndo kemikali zinazotajwa karibu kila utafiti. Ni aina ya saponini, yaani zile kemikali za mimea zinazotoa povu ukizitikisa kwenye maji, na zimeshatambuliwa zaidi ya 100. Kila moja ina kiunzi, nyingi ni kiunzi cha pete nne kinachofanana sana na cha homoni za steroidi, halafu kwenye kiunzi hicho zimening'inia sukari. Rb1 ina sukari nne, Rg1 mbili, Rh2 moja. Herufi na namba hizo zinatokana tu na jinsi kila moja ilivyopanda kwenye sahani ya kromatografia wakati wa kuzitenganisha, hakuna siri nyingine.

Makundi makubwa ni mawili, la protopanaksadioli ambalo lina kina Rb1, Rb2, Rc, Rd na Rg3, na la protopanaksatrioli lenye Rg1, Re na Rf. Yashike haya makundi maana mbele utaona moja linafanya kitu ambacho lingine halifanyi.

Na ile idadi ya sukari si urembo. Sukari zikiwa nyingi molekuli inakuwa kubwa na inapenda maji, kupenya utando wa seli inakuwa kazi, zikipungua inapenya vizuri zaidi. Hiyo peke yake inaeleza nusu ya mkanganyiko kwenye tafiti za jinsengi.

Kwa hiyo nikinywa jinsengi DNA yangu inabadilika?

Hapana. Herufi za DNA zinabaki vile vile. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini kama 20,000 hivi na kila seli ya ini inazo zote, ila kila saa inasoma baadhi tu, inazinakili kuwa mRNA halafu mRNA ndo inatumika kutengeneza protini. Wakisema "shughuli za jeni" wanamaanisha jeni fulani inanakiliwa mara nyingi au mara chache kiasi gani. Na hilo linabadilika muda wote hata bila mzizi wowote, ukilala bila kula ini linapandisha jeni za kutengeneza sukari, ukila linazishusha, ukimeza dawa linapandisha jeni za kuvunja dawa. Jinsengi inaingia kwenye mfumo ambao tayari unapanda na kushuka, na ukiacha kuinywa mambo yanarudi yalipokuwa.

Sasa kitu cha kwenye mzizi kinafikaje mpaka kwenye jeni?

Hapa ndo utamu ulipo kwahiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Kumbuka nimesema kiunzi kinafanana na cha steroidi. Ndani ya seli kuna vipokezi ambavyo vikishikwa na homoni vinakwenda kukaa juu ya DNA na kuamsha jeni husika, mojawapo ni kipokezi cha glukokotikoidi, kile kinachoshikwa na kotisoli na pia na dawa kama deksamethasoni. Mwaka 1997 watafiti wa Korea Kusini walichukua seli za saratani ya ini la panya, zinaitwa FTO2B, wakaziwekea jeni ya kimulimuli, ile inayomfanya mdudu atoe mwanga, wakaiunganisha na kipande cha DNA kinachoitikia kipokezi hicho. Maana yake kipokezi kikiamka seli inatengeneza kimeng'enya cha mwanga na wewe unapima mwanga tu. Wakaweka Rg1, mwanga ukapanda. Wakaweka na RU486, dawa inayoziba kipokezi hicho, mwanga ukashuka. Pia Rg1 ilikuwa inagombania nafasi na deksamethasoni kwenye kipokezi, ingawa ilihitajika nyingi zaidi. Mi naupenda huu utafiti kwasababu haukuishia kusema "jeni imepanda", ulionyesha imepanda kupitia mlango upi.

Njia ya pili ni ya kuzunguka. Kemikali haigusi DNA wala kipokezi cha DNA, inachokoza kitu kingine kwenye seli, hicho kinachokoza kingine, mwisho wa mnyororo ndo kuna protini inayoingia kwenye kiini na kubadilisha usomaji wa jeni. Majina utakayokutana nayo ni matatu. AMPK, ambayo inahisi kama seli ina nishati ya kutosha. Nrf2, ambayo inaamsha jeni za kujikinga na sumu. Na NF-kB, ambayo inaamsha jeni za uvimbe (ule wa mwili kujibu jeraha au maambukizi, si wa saratani) kama TNF na IL-6, hii ya mwisho jinsenosaidi nyingi zinaishusha badala ya kuipandisha. Karibu kila utafiti wa jinsengi na ini unaangukia kwenye mojawapo ya haya au kwenye vipokezi.

Njia ya tatu ni usomaji wa muda mrefu, yaani vile vialama vya kikemikali vinavyobandikwa juu ya DNA na kwenye protini za histoni zinazoizunguka, pamoja na mikroRNA, yaani vipande vidogo vya RNA vinavyozuia mRNA isitumike. Kuna kazi imefanyika hapo kwenye seli za saratani ya ini, ila bado ni changa, siwezi kukaa nayo sana.

Nrf2 inafanyaje kazi hasa? Naisikia kila mahali.

Kwa kawaida Nrf2 imeshikwa na protini nyingine inaitwa Keap1 ambayo kazi yake ni kuipeleka ikaharibiwe, kwa hiyo muda mwingi Nrf2 inatengenezwa na kuvunjwa bila kufanya chochote. Seli ikibanwa, Keap1 inaachia, Nrf2 inaingia kwenye kiini na kuamsha jeni kama HO-1, NQO1 na GCLC, hii ya mwisho inahusika na kutengeneza glutathioni ambayo ndo kinga kubwa ya ini dhidi ya sumu.

Jaribio linalopendwa ni la parasetamoli. Ukizidisha parasetamoli ini linatengeneza sumu inaitwa NAPQI, hiyo inamaliza glutathioni na seli zinaanza kufa. Panya waliopewa Rg1 kabla ya kupewa parasetamoli nyingi maini yao yaliumia kidogo kuliko wenzao na jeni za Nrf2 zilikuwa juu. Safi. Ila ona neno "kabla". Majaribio mengi ya aina hii mnyama anaandaliwa kwa siku kadhaa ndo anapewa sumu, na mgonjwa wa kweli hana hiyo nafasi. Halafu kuna mtego mwingine, NAPQI inatengenezwa na vimeng'enya vya ini kama CYP2E1, kwahiyo kitu chochote kinachoshusha CYP2E1 kitaonekana "kinalinda ini" wakati ukweli ni kwamba sumu yenyewe imetengenezwa kidogo. Utafiti usiopima CYP2E1 hauwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili. Na aliyezidisha parasetamoli anakimbizwa hospitali saa hiyo hiyo akapewe asetilisisteini, habari za mizizi ziwekwe pembeni.

Nikitumia jinsengi nzima si napata zote kwa pamoja, si ndo bora?

Si lazima. Mfano mzuri ni wa mwaka 1996, kundi la Korea Kusini liliangalia jeni ya SOD1 ambayo inatengeneza kimeng'enya cha kuondoa oksijeni korofi. Saponini zote za jinsengi zikiwa zimechanganywa, jeni haikuamka. Kundi la panaksatrioli, haikuamka. Kundi la panaksadioli, ikapanda, na walipolichambua wakakuta mhusika mkuu ni Rb2. Wakaendelea kukata kata kipande cha DNA kilichopo mbele ya jeni mpaka wakajua Rb2 inapitia sehemu inayoshikwa na protini ya AP2.

Yaani mchanganyiko mzima umelala na kijisehemu chake kimoja kimeamka. Ndo maana mtu akiandika "jinsengi inapandisha jeni fulani" swali la kwanza ni jinsengi ipi, imekamuliwa kwa nini, na ndani yake kuna nini. Maji ya moto yanakamua vitu vingine na alkoholi inakamua vingine, na ndani ya mzizi kuna polisakaridi na poliasetilini pia ambazo si jinsenosaidi.

Kuhusu sukari na mafuta kwenye ini je?

Hapa matokeo ya maabara yanaelekea upande mmoja kuliko sehemu nyingine. Ini linatengeneza sukari mpya kwa kutumia vimeng'enya ambavyo viwili muhimu ni PEPCK na G6Pase. Kwenye seli za ini zilizowekewa Rb2 au Rg2, AMPK iliamka, ikapandisha jeni ya SHP, na SHP kazi yake ni kukandamiza jeni nyingine, ikakandamiza PEPCK na G6Pase. Upande wa mafuta AMPK hiyo hiyo ikiamka inapunguza kazi ya SREBP-1c, ambaye ndo bosi wa jeni za kutengeneza mafuta kama FAS na ACC. Kwa panya waliolishwa mafuta mengi, matokeo ya namna hii yameonekana mara nyingi, mafuta kwenye ini yanapungua.

Kama unaona hii inafanana na metformini, ile dawa ya kisukari, hujakosea sana, na yenyewe AMPK inahusika. Tofauti ni kwamba metformini imepimwa kwa watu wengi sana kwa miaka mingi na kipimo chake kinajulikana, jinsengi haijafika huko.

Na kovu la ini?

Kovu halitengenezwi na seli kuu za ini, linatengenezwa na seli za pembeni zinazoitwa seli nyota. Zikiwa zimetulia zinatunza vitamini A, ini likiumia mara kwa mara zinapokea ujumbe wa TGF-beta, zinageuka na kuanza kumwaga kolajeni, protini inayojenga kovu. Baadhi ya jinsenosaidi, Rg1 na Rb1 wakiwemo, zimeonekana kushusha jeni za kolajeni na za alfa-SMA, protini ya seli nyota zilizogeuka, kwenye seli hizo. Zaidi ya hapo, tafiti nyingi ni za panya.

HepG2 ni nini? Kila nikisoma naiona.

Ni seli za ini zinazokuzwa maabara, na kusema ukweli ndo sababu mojawapo ya kuwa na wasiwasi. Zilitoka kwenye uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 wa Argentina miaka ya 1970. Kwa muda mrefu watu waliandika kwamba ni saratani ya ini ya watu wazima, baadaye uvimbe ule uliangaliwa upya ukaonekana ni hepatoblastoma, aina ya utotoni. Zinakua haraka, ni nafuu, hazisumbui, kila maabara inazo.

Shida yake, vimeng'enya vya kuvunja dawa, ile familia ya saitokromu P450, kwenye HepG2 viko chini sana ukilinganisha na ini la kweli. Kwahiyo unauliza swali la jeni za ini kwa seli ambayo imeshaacha kazi nyingi za ini, na zaidi ya hapo ni seli ya saratani ambayo ulaji wake wa sukari na ukuaji wake si wa kawaida. Kuna seli bora kama HepaRG, na bora zaidi ni seli zilizotolewa kwenye ini halisi la mtu, ila hizo ni ghali na zikiwekwa kwenye sahani bapa ndani ya siku chache tu zinaanza kupoteza tabia za ini. Mi nikikuta utafiti umetumia HepG2 peke yake nausoma kama dokezo, basi.

Kiasi wanachotumia maabara ni sawa na ninachomeza?

Hata kidogo. Hili ndo swali ninalotaka watu waulize kwanza na karibu hakuna anayeliuliza.

Tupige hesabu. Maabara wanapenda mikromola 10 hadi 100, mikromola ni kipimo cha wingi wa molekuli kwenye lita moja. Chukua Rb1 kwa mikromola 50. Uzito wa molekuli yake ni kama 1,109, kwahiyo hiyo ni miligramu 55 kwa lita, au nanogramu 55,000 kwa mililita moja. Sasa mtu aliyemeza jinsengi ya kawaida, Rb1 kwenye damu yake inapimwa kwa nanogramu chache au makumi machache kwa mililita. Tofauti ni maelfu ya mara. Rg1 hali ni mbaya zaidi, inafyonzwa kidogo mno.

Kuwa muungwana inabidi niseme ini linapokea damu moja kwa moja kutoka kwenye utumbo kabla haijasambaa mwilini, kwahiyo ini linaona kiasi kikubwa kuliko mkono unapochomwa sindano ya kupima. Pia Rg1 na Re zina mlango wake wa kuingilia kwenye seli za ini, protini inaitwa OATP1B3, inazivuta ndani na zinatolewa haraka kwenye nyongo, wakati kina Rb1 hawapiti mlango huo ndo maana wanazurura kwenye damu kwa muda mrefu. Sawa. Lakini hata ukiweka hayo yote, pengo la maelfu halifungiki.

Na kuna ubaya wa pili wa kiasi kikubwa. Saponini kwa wingi zinachafua utando wa seli. Seli iliyochafuliwa utando inapiga kelele, inaamsha jeni za dharura, na mtafiti anaandika "jinsenosaidi imeamsha jeni za kinga" kumbe ameitesa seli. Ndo maana utafiti mzuri lazima uonyeshe seli ngapi zilibaki hai kwa kiasi hicho hicho walichotumia.

Kwani tumboni inakuwaje mpaka ibaki kidogo hivyo?

Bakteria wa utumbo. Rb1 ikiingia na sukari zake nne, kwa watu wengi inapita tumbo na utumbo mdogo ikiwa karibu nzima, ikifika utumbo mpana bakteria wanaanza kuimenya sukari moja moja, inakuwa Rd, halafu F2, mwisho inakuwa kompaundi K yenye sukari moja tu. Kompaundi K haipo kwenye mzizi wa kawaida kwa kiasi cha maana, inatengenezwa ndani ya mwili wako, na inafyonzwa vizuri kuliko mama yake. Inachelewa pia, kwa mtu aliyekunywa jinsengi nyekundu kompaundi K inafika kilele kwenye damu baada ya masaa kama 10 hivi, kwasababu lazima kwanza ifike huko chini.

Sasa fikiria, watu hawana bakteria sawa. Wawili wanakunywa kopo moja, mmoja anatengeneza kompaundi K ya kutosha, mwingine karibu hapati kitu. Aliyetoka kumaliza dozi ya antibayotiki naye bakteria wake wamepungua. Halafu unarudi maabara unakuta wamemwagia Rb1 nzima juu ya seli za ini, kitu ambacho mwilini seli hizo zinakutana nacho kwa kiasi kidogo mno. Tafiti zinazotumia kompaundi K au protopanaksadioli yenyewe ziko karibu zaidi na maisha halisi, mi hizo nazipa uzito.

Nyekundu na nyeupe zina tofauti kwa ini?

Tofauti ipo na inatokana na mvuke. Nyeupe ni mzizi uliokaushwa, nyekundu ni uliopikwa kwa mvuke kwanza ndo ukakaushwa. Joto linang'oa sukari na maji kwenye jinsenosaidi, unapata Rg3, Rg5 na Rk1 ambazo kwenye mzizi mbichi ni adimu. Kwa maneno mengine mvuke unaanza kazi ambayo bakteria wangeimalizia. Iliyochachushwa inakwenda mbali zaidi, nyingine zinakuja na kompaundi K tayari na hiyo inafika kwenye damu mapema.

Natumia dawa za hospitali. Kuna shida?

Inawezekana, na hapa ndo jeni za ini zinakuhusu wewe binafsi bila kujali panya.

Kwenye seli za ini kuna kipokezi kinaitwa PXR, kimekaa kama mlinzi wa geti anayeangalia kila mgeni, akimuona asiyemjua anaita vijana waje wamtoe. Vijana wenyewe ni vimeng'enya, mkuu wao CYP3A4, ambaye anavunja sehemu kubwa sana ya dawa tunazotumia. Kitu kikiamsha PXR, jeni ya CYP3A4 inapanda, na dawa yako inavunjwa haraka kuliko daktari alivyopanga. Mmea unaojulikana kwa hilo ni St John's wort, ule unaamsha PXR kwa nguvu kabisa.

Jinsengi ni dhaifu kuliko hapo ila si sifuri. Utafiti uliotoka 2012 uliwapa watu 12 wenye afya Panax ginseng miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 28, wakapimwa na midazolamu, dawa ambayo inavunjwa na CYP3A4 hivyo inatumika kama kipimo. Kiwango cha midazolamu mwilini kilishuka kwa asilimia 34. Kwa watu hai, si kwenye sahani. Feksofenadini, inayopima mfumo mwingine wa kusafirisha dawa, haikubadilika. Tafiti nyingine za awali kwa watu hazikuona mabadiliko ya CYP3A4, kwahiyo inategemea bidhaa, kiasi na siku ngapi.

Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo ina hadithi mbili za mwaka mmoja, 2004. Jinsengi ya Marekani ilipunguza nguvu ya warfarini kwa watu wenye afya, jinsengi ya Asia kwenye utafiti mwingine haikufanya kitu. Kwa anayetumia warfarini hilo tu linatosha kukaa mbali, kuganda kwa damu si kitu cha kujaribia.

Na kuna tukio lililoripotiwa 2010, kijana wa miaka 26 mwenye saratani ya damu aliyekuwa anatumia imatinibu, dawa ya saratani hiyo, miaka 7 bila tatizo, akaanza vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye jinsengi, baada ya miezi ini likaumia. Walipomwachisha likapona, na baadaye alirudishiwa imatinibu kwa dozi ndogo bila shida kurudi. Madaktari waliona huenda jinsengi iliziba CYP3A4 na imatinibu ikarundikana. Unaona hapo ni kinyume cha midazolamu. Kimeng'enya kinaweza kuzibwa moja kwa moja leo, na jeni yake ikapandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, ni mambo mawili yanayovutana na huwezi kukisia lipi litashinda kwako. Mwenye dawa za VVU, za kuzuia mwili kukataa figo uliyopandikizwa, za saratani, za kifafa, aulize kabla, sio baada.

Jinsengi peke yake inaweza kuharibu ini?

Ikiwa ni jinsengi kweli na peke yake, kesi za kuaminika ni shida kuzipata. Kesi nyingi zilizoripotiwa ni za mchanganyiko wa mimea mingi, au bidhaa iliyowekewa kitu kisichoandikwa, au mtu yuko na dawa nyingine kama huyo wa juu. Ukiona mkojo mweusi, macho ya njano, au unajikuna mwili mzima, acha kila saplimenti na nenda ukapimwe.

Kuna jinsenosaidi zinaua seli za saratani ya ini, si ndo tiba hiyo?

Rh2 na Rg3 zinaua seli za saratani kwenye sahani, ndiyo. Vitu vingi vinaua seli kwenye sahani. Mgonjwa wa saratani asiache matibabu yake kwa hili.

Nikisoma utafiti mpya niangalie nini?

Kiasi walichotumia na kama ni mikromola au nanomola. Kemikali ni ipi, jinsenosaidi moja safi au unga wa mzizi. Seli zipi. Kama walipima mRNA tu au na protini pia, maana jeni inaweza kunakiliwa mara tatu zaidi na protini isiongezeke, na kazi ya mwili inafanywa na protini. Kisha kitu ambacho watu wanakiruka, je walijaribu kuziba njia? Wakisema ni AMPK, waizibe AMPK waone kama matokeo yanapotea. Wale wa 1997 walifanya hivyo na RU486. Bila hapo una vitu viwili vilivyotokea pamoja, hujui kama kimoja kimeleta kingine. Picha za kompyuta za molekuli ikikaa ndani ya kipokezi zinapendeza ila peke yake hazithibitishi kitu.

Kwa hiyo ninywe kwa ajili ya ini lenye mafuta?

Kwa ushahidi uliopo mimi siwezi kukuambia unywe kama tiba. Kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa kunapunguza mafuta kwenye ini la binadamu, na hilo limepimwa kwa binadamu. Kama unaipenda tu jinsengi na huna dawa unazotumia wala ujauzito, hiyo ni hiari yako.

Naweza kupimwa nione kama jeni zangu za ini zimebadilika?

Kwa kipimo cha kawaida, hapana. Kuona mRNA ya ini inabidi kipande cha ini kitolewe kwa sindano, na hakuna daktari atakutoboa ini ili aangalie saplimenti. Kile kipimo cha midazolamu ni cha watafiti. ALT na AST zinazopimwa hospitali hazionyeshi shughuli za jeni, hizo ni vimeng'enya vilivyovuja kutoka kwenye seli zilizoumia, kwahiyo zikiwa sawa mara nyingi maana yake seli za ini haziumii sana kwa sasa, ingawa si uhakika, CYP3A4 yako inaweza ikawa juu na ALT ikawa nzuri tu. Kama unatumia dawa inayopimwa kiwango chake kwenye damu, mfano takrolimasi ya waliopandikizwa figo, au warfarini inayopimwa INR, yaani kasi ya damu kuganda, vipimo hivyo ndo vitaonyesha mabadiliko kwanza, kwahiyo ukienda kupima beba na kopo lenyewe, daktari aone ni Panax ipi na umeanza lini.